Mkono Shavuni

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Bibi kanipiga mkono tena. Nilikuwa uwani nasoma jiografia, kiwiko juu ya goti, shavu juu ya kiganja. Sikujua. Huwa sijui mpaka kofi lifike. "Ondoa mkono! Unamlilia nani humu ndani?" Tangu nirudi skuli leo, hii ni mara ya pili.

Bibi anasema kushika tama ni kuita msiba. Watu hushika mashavu maiti inapotolewa nyumbani. Anayeshika bila ya maiti, anaiagiza. Ndivyo alivyofunzwa kwao Makunduchi, na hakuna wa kumwambia vyengine.

Sasa hivi amezidi kuwa mkali kwa sababu ya dada Rukia. Dada yuko kwetu toka wiki iliyopita, mimba yake ina miezi saba. Ya kwanza ilitoka mwaka jana. Mumewe, shemeji Hemed, yuko Pemba kwa msimu wa karafuu, kwa hivyo dada atajifungulia hapa Kikwajuni, chumba cha mbele, kitanda cha Mama. Mimi kazi yangu ni kumsomea kila nikirudi. Bibi kasema nipewe hiyo kwa kuwa nyengine zote naziharibu. Kweli.

Nimejaribu kusoma mikono ikiwa mapajani. Sikumaliza ukurasa.

Jumatano, 8 Septemba

Leo nimeuliza swali darasani. Mimi.

Mwalimu Zuwena alikuwa akitufundisha inzi na maradhi ya macho. Alisema tusiguse macho kwa mikono michafu. Nikauliza, je, kama mtu anagusa bila ya kujua? Wakacheka wote. Asha, jirani yetu, anayekaa mbele yangu darasani, akasema, "Mtu hajui mkono wake uko wapi? Basi na afungwe kamba!"

Mwalimu hakucheka. Alisema sote hujigusa uso mchana kutwa na hatujui, na hata tumbili hufanya. Kwa nini? Akasema yeye hajui, wala hadhani kama kuna anayejua sawasawa. Huenda ni muwasho. Huenda ni jasho. Huenda mtu anajituliza, kama mtoto anyonyaye dole. Alipokuwa akisema hayo alijifuta mdomo mara mbili, chaki ikabaki juu ya mdomo kama masharubu. Sikumwambia. Nilifurahi sana, sijui kwa nini.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimefanya jaribio. Nilipaka vidole vyangu vyote buluu ya kufulia nguo, nikaiacha ikauke kidogo, kisha nikamsomea dada kwa muda wa saa nzima. Halafu nikaenda kwenye kioo. Kidevu. Pembe ya jicho la kushoto. Pua, madoa matatu. Shavu zima la kulia. Na ndani ya sikio! Ninakumbuka kuigusa pua tu, tena mara moja.

Dada kacheka mpaka akashika mbavu. "Haki ya Mungu umekuwa kanga! Hebu ruka, utage yai!" Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Bibi hakucheka. Aliuliza ile buluu ya nani.

Jumapili, 12 Septemba

Hakuna jipya. Nimefanya hesabu za mafungu. Dada kala samaki na muhogo, vyote kavimaliza. Sikio bado lina rangi.

Jumanne, 14 Septemba

Dada ametoka damu.

Naandika kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, namsomea. Bibi akaingia na bakuli la uji. Akasimama mlangoni. Nilipoinua macho nikaona anaangalia mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa shavuni. Hakunipiga. Aliweka bakuli chini, akasema polepole, "Juu ya kitanda cha mzazi. Umeshika tama juu ya kitanda cha mzazi." Nikatoka. Hiyo ilikuwa saa tisa na kitu. Kabla ya magharibi dada akamwita Mama kwa sauti ambayo sijapata kuisikia.

Mkunga, Bi Hadia, amekuja. Anasema mtoto bado yupo, anacheza. Dada alale, asiinuke.

Bibi kasema mbele ya wote kwamba nisiingie chumba kile mpaka dada ajifungue. Mama aliokota lile bakuli. Baba akaangalia saa yake. Kisha nikamsikia dada kutoka ndani, "Bora asije."

Nimeandika maneno hayo nione kama yatapungua uchungu. Hayakupungua.

Alhamisi, 16 Septemba

Sikupita pazia la chumba cha mbele. Uji unapelekwa na Mama. Nimefua mashuka. Mikono nimeifunga nyuma ya mgongo nikiwa nimekaa, kama askari. Bibi ananiangalia.

Siamini. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Siamini kwamba mkono unaweza kufanya hivyo. Lakini damu ilitoka. Kwa hivyo sijui kama siamini, au nataka nisiamini.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimepata njia. Kama watu wote hujigusa uso, na watu wote hawafiwi kila siku, basi mkono hauna kosa. Lazima nihesabu. Mwalimu Zuwena husema jambo halijulikani mpaka lihesabiwe.

Baba ni fundi saa, ana duka dogo Darajani. Amenipa saa ya mfukoni iliyokatika kamba, inakwenda vizuri ikilazwa chali. Nimechukua daftari la hesabu la mwaka jana, kurasa za nyuma. Kila mtu ana ukurasa wake: jina juu, chini yake safu nne, yaani jicho, pua, shavu, kidevu. Kila mguso, kijiti kimoja. Kila mtu nitamtazama kwa muda wa saa moja, naye asijue. Akijua atajizuia.

Jumatatu, 20 Septemba

Mwalimu Zuwena, 19. Asha, 26, na hiyo ni somo la Kiingereza tu. Asha aliyetaka nifungwe kamba!

Baba dukani, 8. Baba nilidhani atazidi, lakini yeye ana kile kioo jichoni na mikono yote miwili imo ndani ya saa ya mtu. Alipokiweka kioo chini akisubiri mteja alipe, mkono ukenda kidevuni mara tano kwa mpigo. Nimeandika pembeni: mikono yenye kazi haiji usoni.

Maalim Haji, aliyetusomesha Kurani sote mtaani hapa, nilimpata barazani kwake baada ya alasiri. Sikumaliza saa kwa kuwa alinisalimia.

Jumatano, 22 Septemba

Daktari kaja leo, Baba kamleta. Kakaa na dada ndani ya chumba muda mrefu. Sisi tulikuwa ukumbini. Nilikuwa na daftari chini ya buibui.

Bibi: 41. Kwa nusu saa tu.

Nilihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Kanga anaivuta, anajifuta paji la uso ambalo halina jasho. Anabana pua. Anapitisha dole juu ya nyusi. Shavu hakushika hata mara moja, mkono unafika karibu na shavu halafu unapindia. Jana alipokuwa akichambua mchele, saa nzima, ilikuwa 6.

Daktari alipotoka akasema mtoto mzima, ila dada asikanyage chini mpaka siku yake. Bibi akateremsha mikono. Robo saa baada ya hapo: moja.

Nimelala juu ya mkeka nikifikiri. Si muwasho, basi. Muwasho haumsubiri daktari.

Jumamosi, 25 Septemba

Pazia la chumba cha mbele huwa linaacha upenyo likipigwa na upepo. Nimekaa ukumbini nachambua kunde. Nimemtazama dada kwa muda wa saa moja. Nimeandika nilichokiona. Sina raha nacho.

Jumatano, 29 Septemba

Watu kumi na mmoja sasa. Muuza samaki wa Ng'ambo anayepita na baiskeli kajigusa uso kwa mkono wenye magamba mara nne nikiwa nanunua dagaa. Hakuna aliyefiwa. Nilimuuliza hali ya nyumbani kwake, akanishangaa. "Wazima wote, binti. Kwani umesikiaje?"

Nataka kumwonesha Baba daftari. Sijui nianzeje.

Ijumaa, 1 Oktoba

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Mwezi wa Safar umeandama jana, na Bibi huuogopa mwezi huo. Asubuhi nilipokuwa skuli alifukiza ubani nyumba nzima, akainua na godoro langu. Akaliona daftari. Bibi hasomi herufi za kizungu, anasoma za Kiarabu. Kilichomfikia machoni ni vijiti. Safu nne nne, ukurasa juu ya ukurasa. Akampa Mama asome lililoandikwa juu. Mama akasoma: Rukia.

Niliporudi nilimkuta amekaa katikati ya ukumbi, daftari mbele yake juu ya kitambaa, kama kitu kinachouma.

"Nani kakufundisha ramli?"

Sikuelewa. Akasema tena. Wapigao ramli hupiga vijiti na nukta kwa safu nne, nami nilisahau, au sikupata kufikiri. Alidhani nampigia dada bao nijue kama mtoto atatoka hai. Au zaidi ya kujua. "Kwanza tama, sasa ramli! Mwenye mimba yumo ndani na huyu anaandika majina ya watu chini ya godoro!" Nilitaka kusema. Sauti ikakataa. Hivyo ndivyo nilivyo: kitu kikiwa kikubwa, sauti hunikimbia. Akaona kunyamaza kwangu ni kukubali.

Baba alipokuja kutoka msikitini, Bibi alikuwa ameshakata shauri. Nitolewe skuli, maana huko ndiko nilikoharibikia. Nipelekwe Makunduchi kwa shangazi mpaka dada ajifungue, na baadaye itazamwe. Baba aligeuza kurasa zote. Kisha akasema tumwite Maalim Haji, yeye ramli anaijua hata kama haipigi, na neno lake litafuatwa.

Kutoka adhuhuri mpaka alasiri nilikaa jikoni. Niliogopa. Sikuogopa Makunduchi, niliogopa kutolewa skuli.

Maalim Haji akaja, akavaa miwani, akatemea dole, akafungua. Akageuza, akageuza tena.

"Mama Mkubwa," akamwambia Bibi, "ramli ina nyumba kumi na sita. Hii haina hata banda la kuku."

"Sasa nini?"

"Na aseme mwenyewe. Nasra."

"Naam, Maalim."

"Hii nini hii?"

Nikasema. Nilisema nikiangalia mkeka, lakini nikasema yote: inzi, mwalimu, buluu, saa ya Baba. Nikasema nilitaka kujua kama mkono wangu una kosa peke yake au mikono yote iko hivyo. Hakuna aliyenikatiza. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kajifunika mdomo kwa kanga.

Maalim akageuza ukurasa wake mwenyewe. "Na huyu M.H. ndiye mimi?"

"Naam."

"Kidevu, kumi na mbili." Akamtazama Baba. "Ndevu zangu mwenyewe, basi nishike za nani?"

Baba kacheka. Mama kacheka ndani ya kanga. Nami ningecheka, lakini Maalim akavua miwani akanigeukia, na hapo hakuwa na mzaha. Akasema ramli sikupiga, ila kosa nimefanya. Kuwatazama watu kwa kujificha na kuwaandika wasijue ni kupeleleza, na hata kama ninaloandika ni pua tu, pua ni ya mtu. Ningeomba ruhusa. Nikasema ningeomba wangejizuia. Akasema, "Basi usingejua. Si kila kitu lazima ukijue wewe." Hilo limenichoma kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu sikubaliani nalo.

Kuhusu tama, alimwambia Bibi kwa upole kwamba mkono hauna uwezo juu ya kadari ya Mungu. Bibi akajibu, "Nyinyi mnajua vitabu, Maalim. Sisi tunajua nyumba."

Hukumu: skuli nabaki. Makunduchi siendi. Daftari kachukua Baba. Chumba cha mbele, marufuku ile ile.

Jumapili, 3 Oktoba

Mama na Bibi walikwenda kwenye arusi mtaa wa pili. Mimi nilibaki nje ya pazia, dada akihitaji maji nimwite jirani. Nimwite jirani! Nisimpe mimi.

Akaniita. Nikasimama pale pale.

"Baba alinisomea daftari lako," akasema. "Ukurasa wangu aliuruka. Umeandika nini?"

Nikamwambia. Uso, mara moja kwa saa nzima, alipoondoa inzi. Safu zote tupu. Chini nilikuwa nimeandika kwamba mkono wake haukuja usoni kwa sababu haukuondoka tumboni.

Nikadhani kalala. Kumbe analia. Akasema niingie. Nikasema Bibi kakataza. Akasema, "Basi kaa hapo hapo, sogea karibu na pazia." Nikakaa chini, bega langu ukutani.

Akasema asubuhi ya siku ile, kabla sijarudi skuli, alikaa peke yake kitandani akiifikiria ile mimba ya mwaka jana. Alipozinduka mkono wake ulikuwa shavuni. Hajui ulikaa muda gani. Yeye ndiye aliyeshika kwanza. Bibi aliponikuta mimi, yeye akaona nafuu. "Nilisema bora usije kwa sababu kila nikikuona nilikuwa nnajiona mimi. Nshajaribu kumwambia Bibi. Siwezi, Nasra. Akinambia kuwa ni mimi ntakufa."

Nilikasirika. Naandika kweli: nilikasirika sana, mpaka masikio yakawa moto. Wiki tatu mimi nafungwa mikono nyuma ya mgongo.

Kisha nikamwambia asiseme. Anyamaze mpaka mtoto atoke. Mimi sina mimba, mimi naweza kubeba.

Sijui nilisemaje vile. Sikupanga.

Jumatano, 6 Oktoba

Asha kasikia kisa chote kwa mama yake, na mama yake kwa Bibi. Skuli sasa naitwa Bi Tama. Leo asubuhi nilipoingia darasani, wasichana sita walikuwa wameketi mstari mmoja, kila mmoja mkono shavuni, wakiimba kilio. "Karibu Bi Tama! Nani kafa leo?"

Nilikwenda kukaa pahala pangu. Nikafungua kitabu. Nimesoma sentensi moja mara ishirini.

Laiti ningeweza kusema si mimi. Lakini hata hivyo si kweli. Ni mimi pia.

Jumatatu, 11 Oktoba

Bi Tama bado. Dada anaendelea vizuri. Kila alasiri, Bibi akenda kusali, dada hugonga ukuta mara moja kwa dole. Mimi hugonga mara moja. Basi.

Ijumaa, 15 Oktoba

Uchungu umemshika alfajiri, wiki kadhaa kabla ya siku yake. Mama kanituma kwa Bi Hadia. Nilikimbia bila ya viatu.

Asubuhi nzima tulikuwa ukumbini mimi na Baba. Bibi aliingia na kutoka. Nilikalia mikono yangu. Nilisema siamini, na nilikalia mikono yangu mpaka ikafa ganzi, kwa sababu kama lingetokea jambo sikutaka hata mtu mmoja anitazame. Wala sikutaka mimi nijitazame. Baba aliona. Akanipa saa mbovu na bisibisi ndogo, akasema nifungue mgongo wake nitoe gurudumu moja moja niyapange kwenye kisahani. Hakuniambia kwa nini. Nikaifungua. Nilipofika gurudumu la saba, kabla adhana ya Ijumaa haijaanza, tukasikia mtoto.

Mwanamume. Mdogo, Bi Hadia anasema kama kuku wa sokoni. Anapumua. Analia kwa hasira. Dada mzima.

Bibi alitoka, akakaa chini sakafuni.

Alhamisi, 21 Oktoba

Kapewa jina leo. Masoud. Shemeji Hemed kafika na boti kutoka Pemba, ananuka karafuu, analia ovyo mbele za watu. Marufuku ya chumba imekwisha, mzazi keshajifungua. Niliingia. Dada kanishika mkono, hakuuachia.

Nikaomba kumbeba mtoto. Bibi kasema, "Baadaye." Akampa Asha, aliyekuja na mama yake. Asha akambeba. Nikaona ana haya kidogo, lakini akambeba.

Jumamosi, 30 Oktoba

"Baadaye."

Jumapili, 14 Novemba

Masoud ameanza kunona. Mvua za vuli. Wenzangu wamechoka kuniita Bi Tama, sasa wana mwengine wa kumcheka, msichana aliyepiga chafya mbele ya mkaguzi. Namwonea huruma na nashukuru. Yote mawili.

Sijambeba bado. Bibi hakatai kwa ukali. Kila nikisogea tu, huwa ana sababu. Mikono yako ina baridi. Umetoka nje. Analala. Dada huangalia chini. Najua anachokifikiri, nami nimeshamwambia mara mbili kwamba haidhuru.

Inadhuru.

Jumanne, 23 Novemba

Arobaini ya Masoud. Baba kaniombea ruhusa skuli.

Kanyolewa asubuhi, kichwa kama yai. Siku hii mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza na huzungushwa nyumba, na Bibi husema hufuata bahati ya yule aliyemtoa. Kwa hivyo mtu huchaguliwa. Tangu juzi Bibi alikuwa amemchagua Asha. Ana mkono mwepesi, alisema, na kwao hawajazika mtu miaka mingi. Asha alikuja kavaa vizuri.

Wanawake walijaa ukumbini. Mimi nilikuwa nimebeba sinia ya vitumbua. Bibi akamchukua mtoto kwa dada ili ampe Asha. Dada hakumwachia.

"Nasra ndiye atakayemtoa," akasema.

"Huyu?"

"Huyu."

Bibi akasema si siku ya ubishi, watu wamekaa. Dada akawa mweupe midomo. Nilimtikisia kichwa, usiseme, nikatikisa mpaka vitumbua viwili vikaanguka. Akasema. "Siku ile tama nilishika mimi, Bibi. Asubuhi, kabla yake. Kitandani, peke yangu. Yeye anajua toka mwezi uliopita na alinyamaza kwa ajili yangu. Kama mkono una mkosi ni wangu, na mtoto ndiye huyu hapa, namnyonyesha kwa mkono huo huo."

Mama alisema "Rukia," basi, jina tu.

Bibi alimtazama dada. Kisha akamtazama mtoto muda mrefu, kama anayetafuta alama. Masoud alikuwa anapiga miayo. Niliogopa atakachosema kwa dada. Nilikuwa tayari kusema kwamba dada anasema uwongo.

Bibi akaja mpaka nilipo. Akaninyang'anya sinia, akampa Asha. Akaniwekea mtoto mikononi.

"Shika kichwa," akasema. "Si hivyo. Hivi." Akausogeza mkono wangu. "Usikimbie. Mzunguko mmoja, kuliani, na useme bismillahi mlangoni."

Nikasema. Nikatoka. Nyuma yangu wanawake wakapiga vigelegele, na sauti ya Asha nikaisikia imo. Masoud ni mzito kuliko anavyoonekana. Nilipita ukuta wa jiko, nikapita kamba ya nguo, kuku wakakimbia. Upande wa mbele jua lilikuwa kali. Akakunja uso, akafumba macho. Nikamkinga kwa mkono wangu mpaka tukafika mlangoni.